Mgeni, taja jina lako kwanza

Jumapili baada ya kanisa tulipata wageni hapa Migosi, watu wanne na mkate na sukari. Hata hawajaketi, mmoja akainama mbele ya Mama Akinyi, akamuuliza kwa sauti ya juu kama anaongea na kiziwi, “Mama, unanijua? Mimi ni nani?” Mke wangu kimya. Mwingine akadakia akininyoshea kidole, “Na huyu, si ni mzee wako? Anaitwa nani?” Mama akashika pindo la leso, akalizungusha kwa kidole, akalizungusha tena, halafu akaniangalia nimsaidie. Nilisikia vibaya mpaka nikatoka nje.

Jamani, acheni kumpa mtihani. Dementia, ugonjwa wa kusahau, ndio hiyo, majina yanapotea, sasa mbona umuulize kitu unajua hana halafu usimame hapo ungoje? Akishindwa anajua ameshindwa. Mkienda, swali amelisahau lakini uchungu umebaki, na jioni ndio mbaya zaidi, jua likishuka anaanza kulia anataka kwao na hawezi kusema amefanyiwa nini, mimi niko mlangoni usiku namwambia mama, kwetu ni hapa.

Daktari ana sababu ya kuuliza. Alois Alzheimer mwenyewe, yule daktari wa Ujerumani, 1901 kule Frankfurt, alimuuliza mgonjwa wake Auguste jina la bwana yake, naye akajibu Auguste, jina lake mwenyewe. Daktari aliandika, na kupitia huyo mama ugonjwa wa Alzheimer, aina moja ya dementia, ukajulikana. Lakini mimi nawaza yule bwana, mtu wa reli kama mimi, kwa sababu mimi pia nimeitwa baba, nimeitwa kaka, kuna siku nimeitwa jina la marehemu mama yake. Naitika tu. Tumeishi miaka 41, na akitaka kuvuka barabara bado ni mkono wangu anatafuta.

Sawa, nyinyi angalau mlikuja, kuna ndugu zangu hawajakanyaga hapa tangu Krismasi. Wale wa kusema amerogwa, nao sina nguvu.

Basi ukifika, jitaje. Mjukuu wetu yuko gredi ya nne na hakufundishwa na mtu. Jana aliingia jikoni akamwambia bibi yake, “Dani, ni mimi Otis wa Akinyi, nimekuja tuchambue mboga ya osuga.” Mama akasogea kwa benchi akamwachia nafasi.