Betri, Betri, Betri!

Mpwa wangu yuko mwaka wa pili chuoni, anasomea kompyuta. Jumapili alinielimisha mbele ya dada yangu kwamba chipu za aina ya ARM ziliipiga kampuni ya chipu ya Intel kwenye simu "kwa sababu ya betri tu, Anko." Kwa alivyokuwa akisema ungedhani alikuwepo. Mimi nilikuwepo, ila nilinyamaza kwa heshima ya chapati. Sasa nimeshiba.

Turudi 2000. Microsoft imeleta Pocket PC, kompyuta ndogo za mkononi, na madukani kuna mashine tatu zinazofanana kama watoto wa tumbo moja. Cassiopeia ya Casio ndani ina chipu ya MIPS. Jornada ya HP ina SH3 ya Hitachi. iPAQ ya Compaq ina StrongARM, aina ya ARM, ya megahezi 206. Windows ileile, kalamu ileile ya kugusia skrini. Lakini kila aina ya chipu ina lugha yake; chukua programu ya MIPS uiweke kwenye iPAQ: ni kama kufungua mlango wako kwa ufunguo wa jirani. Mtengenezaji alipaswa kuiandaa mara tatu, na wewe mnunuzi, kabla ya kupakua, ulipaswa kujua jina la chipu ambayo hujawahi kuiona kwa macho. Watu walibahatisha. Ukikosea, unaanza upya kwa intaneti ya simu ya mezani inayolia kama paka.

Kisha ikaja Pocket PC 2002, na Microsoft ikasema ni ARM pekee. Basi. Mwenye uwanja alifunga lango, timu mbili zikabaki nje na jezi zao. Hiyo ndiyo fainali mnayotusimulia?

Palm, washindani wa Microsoft kwenye mashine hizo, walikuwa waungwana zaidi: walipohama kutoka DragonBall ya Motorola kwenda ARM, mwaka 2002, waliweka kiigizaji ndani ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi.

Na hiyo Intel inayoonewa huruma ilikuwa na ARM yake yenyewe, XScale. Iliiuza kwa Marvell mwaka 2006 kwa dola milioni 600. Mwaka uliofuata iPhone ikatoka, ndani ina ARM. Pongezi kwao.

Intel waliporudi kwenye simu walipita hata kwetu. Januari 2013, Safaricom na Intel walizindua simu ya Yolo hapa Nairobi: ndani chipu ya Intel iitwayo Atom Z2420, bei shilingi 10,999. Chaji ya chipu hizo haikuwa ya aibu hata kidogo. Shida ilikuwa ileile ya 2000. Programu za Java, zisizojali aina ya chipu, zilikwenda vizuri, ila zilizoandikwa moja kwa moja kwa ARM, hasa michezo, zilihitaji mkalimani katikati, na mkalimani naye anakula nguvu.

Mimi nilikuwa na tableti ya Atom, jina nalihifadhi. Mtoto akifungua mchezo wa magari, mgongo wa tableti unapata moto wa kupasha uji. Siku nyingine duka la programu linaniandikia kwamba kifaa changu "hakioani" na toleo hili. Hakioani! Kana kwamba nilikuwa nimepeleka posa. Mwaka 2016 Intel ikafuta chipu zake za simu, sisi tuliokwisha kulipa tukaachiwa vyombo.

Sawa, nakubali kwa shingo upande: StrongARM haikuwa na uchu wa umeme, na kampuni ya ARM kumuuzia leseni ya muundo wake yeyote anayetaka ilikuwa akili kubwa. Betri ilikuwamo. Lakini mashine hizo ziliuawa na rafu tupu za programu, na bili ikaja kwetu.

Sasa kijana amehamia RISC-V, lugha ya chipu isiyo na leseni ya kulipia. Mwaka 2023 Google waliichangamkia kwenye Android, na 2024 wakaiondoa kwenye kerneli yao ya pamoja, yaani kiini cha mfumo huo. Nimemwambia: siku utakapokuja na simu ya RISC-V inayofungua programu ya benki bila mkalimani, kuku ni juu yangu. Amekubali, ila anataka wa kienyeji.