Namba ya Altrasaundi Baada ya Mazoezi Huaminiwa Mapema Mno

Wakimbiaji wa Mwanza wanaopanda mlima wa Isamilo au kuzunguka Capri Point alfajiri wanayajua vizuri maumivu ya tumbo na haja ya ghafla katikati ya mbio. Sababu mojawapo inaeleweka: misuli inapodai damu, mwili huipunguza ile iendayo kwenye utumbo, na katika zoezi kali sana upungufu huo unaweza kukaribia asilimia 80. Ndiyo maana watafiti huipima damu hiyo kwa altrasaundi, kipimo kisicho na mionzi wala sindano, ambacho wengi wetu tunakifahamu kupitia kliniki za wajawazito. Sina ugomvi na kifaa chenyewe; wasiwasi wangu ni juu ya namba inayoandikwa mara tu mkimbiaji anapolala kitandani akiwa bado anahema.

Mashine hukisia wingi wa damu kwa hesabu. Kwa kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842, hupata kasi ya damu ndani ya ateri ya mesenteri ya juu, ambayo hulisha utumbo mwembamba na sehemu ya utumbo mpana. Kisha kasi hiyo huzidishwa kwa eneo la mshipa, linalotokana na kipenyo. Mshipa wenyewe una upana wa takribani milimita 6 au 7, na kwa kuwa kipenyo huingia katika hesabu kikiwa kimezidishwa chenyewe kwa chenyewe, anayesoma 6.5 mahali penye 6 ameongeza damu isiyokuwepo kwa asilimia 17. Pembe kati ya mawimbi ya mashine na mshipa nayo ina hila zake: kuandika digrii 65 badala ya 60 hukuza jibu kwa asilimia 18 hivi, ilhali kosa hilohilo la digrii tano kwenye pembe ya 30 halifiki hata asilimia 6.

Hayo yote hutokea mtu akiwa ametulia. Baada ya zoezi, kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, hupanda na kushuka kwa nguvu, mshipa huhama kwenye picha, gesi ya tumboni huziba njia ya mawimbi, na mpimaji humwomba mtu abane pumzi wakati ambapo mapafu yake yanaililia hewa. Isitoshe, damu huanza kurejea kwenye utumbo mara zoezi linapokoma, kwa hiyo kipimo cha dakika ya kwanza na cha dakika ya tano ni vitu viwili tofauti, na hakuna hata kimoja kinachoweza kuitwa hali ya wakati wa mbio. Kwa maoni yangu, kosa kubwa ni kuchukua uthabiti, yaani namba kutobadilika kipimo kinaporudiwa, uliopimwa kwa mtu aliyelala, tena akiwa hajala, na kuutumia kama dhamana ya namba zilizopatikana katika purukushani hiyo.

Mnunuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, akiishuku mizani huomba gunia lilelile lipimwe tena. Altrasaundi inastahili kudaiwa vivyo hivyo, na kwa kipimo sahihi cha makubaliano, yaani jinsi namba zenyewe zinavyolingana: wanatakwimu Bland na Altman walionyesha mwaka 1986 kwamba namba za wapimaji wawili zinaweza kupanda na kushuka pamoja vizuri kabisa huku mmoja akisoma juu kila mara.

Siwaambii watu watupe matokeo yote. Kundi zima likionyesha damu kushuka kwa nusu, mimi nitaamini, maana mshuko huo unazidi makosa niliyoyataja. Lakini tofauti ya asilimia 15 kati ya vinywaji viwili wanavyojaribishiwa wakimbiaji, au hukumu kwamba utumbo wa mkimbiaji fulani ni dhaifu, siikubali kwa kipimo kimoja. Na kama alikunywa uji na kula michembe kabla ya kuja, jibu limeshaharibika, kwani mlo peke yake unaweza kuongeza damu hiyo maradufu au zaidi ndani ya saa moja.

Atakayefanya kazi hii huku kwetu kando ya ziwa arudie zoezi lilelile siku nyingine kwa mtu yuleyule na mpimaji yuleyule, aandike dakika ya kila picha, na picha zisomwe na mtu asiyejua ni za kabla au za baada. Kipenyo nacho kipimwe upya kila mara, kwa sababu kukizidisha kile cha mapumziko kwa kasi ya baada ya mbio ni kudhani kwamba mshipa haukubadilika, wakati mabadiliko ndiyo hasa yanayotafutwa.