Dæhlie hakumwonea Boit huruma

Kila Olimpiki ya majira ya baridi ikikaribia, redio zetu hufukua hadithi ileile: Mkenya aliyeshika mkia katika mbio za skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu miguuni, huko Nagano, Japani, mwaka 1998, na mzungu mwenye moyo mwema aliyemkumbatia. Wiki hii nimeisikia tena, mtangazaji akicheka hadi sauti ikamkauka. Imeniudhi kwelikweli.

Huyo "mzungu" ni Bjørn Dæhlie wa Norway. Dhahabu nane na fedha nne katika Olimpiki tatu tu: Albertville 1992, Lillehammer 1994 na Nagano. Ubingwa wa dunia mara tisa, Kombe la Dunia la jumla mara sita. Ajali ya skii za magurudumu mwaka 1999 ilimharibia mgongo, akastaafu 2001. Hadi hapo hakuna aliyekuwa amefikisha dhahabu nane katika Olimpiki ya baridi.

Siku ile Nagano alikuwa ameshinda kilomita 10. Philip Boit alifika dakika 20 baadaye, wa mwisho kabisa. Waandaaji walitaka kugawa medali. Dæhlie akakataa kuondoka hadi Boit avuke mstari. Watu wanaiita huruma. Mimi nakataa.

Katika skii ya mtindo wa kale, mtu hukandamiza ubao ili nta iliyopakwa chini yake ishike theluji, kisha huuachia uteleze. Theluji ikilowa, nayo nta isiwe ya hali hiyo, theluji hunata chini ya ubao na kila hatua unaburuta donge. Siku ile kulikuwa na mvua. Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka bonde la ufa, alikuwa ameanza kujifunza Finland miaka miwili tu nyuma, na bado alipanda vile vilima vyote. Dæhlie alijua vinavyouma. Siku chache baadaye alishinda kilomita 50 kwa sekunde nane tu, baada ya zaidi ya saa mbili, akaanguka kwenye theluji hana nguvu ya kusimama. Na miaka minne kabla, mbele ya Wanorway wenzake Lillehammer, alikuwa amepitwa na Mwitaliano mwishoni mwa mbio za kupokezana kwa sekunde 0.4. Mtu huyo akimsubiri mwenzake kwenye baridi, ni kwa sababu ameona kazi na anaijua.

Haya, nakubali: Nike ndio waliogharamia mazoezi ya Boit, na walitaka kutangazwa. Lakini mkataba haumpandishi mtu kilima.

Boit mwenyewe alielewa alichopewa. Mwanawe alimpa jina la Daehlie, na kwetu mtoto hapewi jina la mtu aliyekudharau. Kisha akarudi mashindanoni: Salt Lake City 2002, Torino 2006. Hizo nazo zisimuliwe hewani, bila kicheko.