Sindano ni sindano? Hapana, kaka

Jumapili nilipita Magomeni kuchukua santuri tatu za marehemu baba nilizomwazima rafiki yangu. Moja ni ya NUTA Jazz, bendi ya dansi ya zamani, ya spidi 45, ambayo baba alikuwa haipigi mpaka aifute kwanza kwa kitambaa cha pamba. Nimeirudisha nyumbani, nimeiweka, na gitaa la solo linakwaruza kila likipanda juu. Tarumbeta zinalia kama zimefunikwa debe. Imekaa kwake wiki mbili tu.

Nilipomuuliza akanijibu, "Kaka, sindano ni sindano, zote zinatoa sauti." Neno hilo limeniuma kuliko santuri yenyewe.

Ana kile kicheza santuri cha mkoba, kipya, spika zimo humo humo. Nilikuwa na mizani yangu ndogo kama ya masonara, nikapima uzito ambao kichwa, kile kinachoshika sindano, kinaikandamiza santuri: gramu 6. Ni kichwa cha keramiki. Changu ni AT-VM95E cha Audio-Technica, kinakaa kwa gramu 2. Kichwa kingine, Ortofon 2M Red, ni 1.8. Gramu 6 ukizisikia ni kidogo, lakini zote zinabebwa na ncha nyembamba kuliko unywele, juu ya plastiki. Na uzito si kosa pekee. Kijiti kinachoshika ncha ya keramiki ni kigumu. Tarumbeta zikipanda ghafla hakiwahi kuzifuata, kwa hiyo kinakwangua kuta za mfereji. Mkwaruzo unaousikia siku hiyo umeshachongwa humo, hata ukija kununua kichwa cha bei gani.

Na santuri hizi tutazitoa wapi tena? Bendi zetu zilirekodi pale RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, santuri zikachapwa Nairobi, na nyingi hazijachapwa tena. Iliyoko chini ya kitanda cha mzee wako Ilala huenda ni moja kati ya chache zilizobaki.

Kati ya Red na VM95E, nimezitumia zote mbili. Red inatoa sauti yenye nguvu zaidi, milivolti 5.5 kwa 4, na inachangamka. Nimebaki na VM95E kwa sababu kichwa ni kile kile, unachomoa sindano unaweka nyingine, ikiwemo ya santuri za kale za spidi 78. Mwenye taarabu za enzi za Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, anaihitaji. Mifereji ya 78 ni mipana, inataka ncha ya mikroni 76. Ukiweka ya LP, zile santuri kubwa za spidi 33, inazama chini kabisa na kuzoa vumbi.

Wapenzi wa vichwa vya koili, ambavyo ndani yake koili ndiyo inayotikisika na sindano, watanikumbusha Denon DL-103. Sawa, nimeisikia Upanga, na mwimbaji alikuwa kama yumo chumbani. Lakini milivolti 0.3 inadai kikuzaji kingine, na sindano ikiisha hubadilishi mwenyewe.

Nakubali pia kwamba mikoba hii imewarudisha vijana wengi kwenye santuri, na nawapenda kwa hilo. Basi wapige humo santuri mpya wanazoweza kununua tena. Za wazee walete kwangu, nitawapigia hata usiku kucha.

Ile ya NUTA nimeirudisha kwenye jalada lake. Mama bado hajui. Kila jioni ananiuliza mbona siku hizi siipigi.