Kiwanja cha umma ndiyo hazina: nani agharimie kuijenga upya Dar es Salaam?

Kwa miaka kadhaa katika muongo uliopita, kiwanja cha Magomeni Kota, eneo la nyumba za umma za kupangisha jijini Dar es Salaam, kilikuwa nyasi na vifusi. Kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale, kando ya Barabara ya Morogoro, zilishaondolewa na nyumba zao kuvunjwa ili aje mwekezaji ajenge upya. Hakuna kilichojengwa. Watu wakatawanyika, wakahangaika na vyumba vya kupanga, na wapo waliofariki wakisubiri. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alifika pale, akaagiza Wakala wa Majengo Tanzania (TBA) wajenge kwa fedha za serikali. Machi 23, 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua maghorofa, na wakazi wa zamani wakarudi kwao.

Nimefurahi waliporudi, na sitaki mtu yeyote aichukulie kidogo siku ile. Lakini Magomeni inatuachia swali zito. Serikali iliweza kulipia kiwanja kimoja. Sensa ya 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu 5,383,728. Je, mji huu una mitaa mingapi iliyochakaa, yenye nyumba zinazovuja, vyoo vilivyojaa na mitaro iliyoziba? Bajeti hiyo hiyo inadaiwa madarasa, zahanati na dawa. Mama wa Mbagala ambaye hajawahi kukaa kota yoyote ana haki ya kuuliza kwa nini kodi yake ijenge ghorofa la mwenzake wa Magomeni huku mtaa wake hauna hata mtaro. Hoja hiyo haijibiwi kwa huruma peke yake.

Ndipo wanaposimama wanaotetea ubia, na wana hoja. Serikali haina fedha, wanasema, ila ina viwanja, tena viwanja vya katikati ya mji. Vingi vilipatikana Aprili 1971, serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Majengo yale yalisimamiwa na Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa. Leo shirika hilo linamiliki sehemu za Upanga, Kariakoo na katikati ya jiji ambazo mfanyabiashara yeyote angezitolea macho. Kwa nini jengo la ghorofa mbili lililochoka, lenye wapangaji wachache, likalie kiwanja kinachoweza kubeba ghorofa kumi? Mbia alete fedha, shirika lilete ardhi, kila mmoja achukue sehemu yake. Sera ya Ubia ya shirika hilo, iliyozinduliwa upya Novemba 2022, imejengwa juu ya wazo hilo, na kimahesabu halina kasoro.

Tena Kariakoo yenyewe ilishatangulia bila kusubiri sera ya mtu. Nyumba za Kiswahili zilizoijaza, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, uani jiko na choo, zimegeuka maghorofa katika kipindi cha kizazi kimoja. Mwenye kiwanja, mara nyingi familia ya warithi wasio na mtaji, huingia makubaliano na mjenzi. Jengo likiisha wanagawana ghorofa na fremu, na kilemba, yaani fedha ambayo mpangaji hutoa mwanzoni ili apewe fremu ya chini, hurudisha sehemu kubwa ya gharama. Bajeti ya serikali haikuguswa. Ukitaka ushahidi kwamba fedha binafsi zinaweza kuugeuza mtaa, nenda pale Mtaa wa Msimbazi saa nne asubuhi.

Lakini hapo hapo ndipo unapoona ambacho fedha hizo hazikujenga. Kila mwenye ghorofa alijenga hadi ukingo wa kiwanja chake, akaishia hapo. Mitaa ni ile ile iliyopimwa kwa ajili ya nyumba za chini, na mzigo wa majitaka, umeme na magari umezidi mara nyingi. Soko kuu, kazi ya msanifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 10, 2021, na aliyebeba gharama ya kulijenga upya alikuwa serikali, kwa mabilioni ya shilingi. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu wasiopungua 29. Kabla ya hapo, Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, watu 36 wakafa. Kwa hiyo mtu akiniambia mtaa umejengwa upya bila serikali kutoa hata senti, nitamuuliza nani alilipia uokoaji, nani anazibua mitaro, na ukaguzi ambao haukufanyika uligharimu maisha ya nani.

Kwangu hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mabishano yetu huishia kwenye nani ajenge, wakati kinachoamua mambo ni thamani ya ardhi inapopanda: inakwenda kwa nani?

Chukua mwendokasi, mabasi yaendayo haraka katika njia zake yenyewe. Awamu ya kwanza, Kimara hadi Kivukoni, ilianza kubeba abiria Mei 2016, na ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ambao Watanzania wote wanaulipa, pamoja na wakulima wa Songea ambao hawatakaa walipande basi lile. Viwanja vya kando ya Barabara ya Morogoro vikapanda bei. Waliovuna ni wenye viwanja. Mji haukuwa na chombo cha kuirudisha hata sehemu ya faida ile, kwa sababu kodi yetu ya majengo haiangalii thamani. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa kiwango kimoja: mwaka 2023 nyumba ya kawaida ilipandishwa kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka, na ghorofa kutoka 60,000 hadi 90,000 kwa kila sakafu. Nyumba ya Mbagala na nyumba ya Masaki, zote 18,000. Kwa hesabu hiyo jengo la ghorofa kumi Kariakoo linadaiwa 900,000 kwa mwaka mzima. Anayejua fremu moja ya pale inapangishwa kwa kiasi gani kwa mwezi ataielewa hesabu hiyo bila mimi kumfafanulia.

Wanaoitetea LUKU wana sababu nzuri. Kuthamini nyumba moja moja ni kazi ghali, wathamini hawatoshi, na mfumo wa zamani ulikuwa na mianya ya watu kuelewana mlangoni. Kiwango kimoja kinakusanyika kwa urahisi, na mlipaji anajua anachodaiwa. Nakubali hayo yote kwa mitaa ya kawaida. Sikubali kwa maeneo machache ambayo serikali imeweka barabara, soko au kituo cha basi kwa fedha za umma. Huko idadi ya majengo inahesabika, na faida inaonekana kwa macho.

Kuna njia ya tatu, kukopa kwa wananchi wenyewe. Mamlaka ya Majisafi Tanga ilionyesha mwaka 2024 kwamba taasisi nje ya serikali kuu inaweza kufanya hivyo: iliuza hati fungani, yaani hati ya mkopo ambayo wananchi hununua na kulipwa riba, ya shilingi bilioni 53.12 ya miaka 10, na wanunuzi wakaleta zaidi ya kilichoombwa. Watu wengi wameishangilia, mimi pia. Ila riba ni asilimia 13.5. Deni likiwa bado zima, hiyo ni zaidi ya bilioni 7 kwa mwaka kabla ya kugusa deni lenyewe. Tanga wana bili za maji za kulipia. Halmashauri inayotaka kujenga upya mtaa wa wanyonge italipa kwa bili ipi, ikiwa kodi ya majengo ni 18,000?

Kwa hiyo narudi kwenye ardhi, na naegemea ubia kuliko nilivyowahi kudhani. Bila fedha za nje ya bajeti, mitaa mingi itazeeka hadi ianguke. Lakini sheria yetu inatupa nguvu ambayo miji mingi duniani haina: ardhi ni ya umma, na mtu hupewa haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99. Basi mbia apewe muda, asipewe kiwanja. Miaka ikiisha, jengo lirudi kwa umma likiwa na hali iliyoandikwa kwenye mkataba, na mkataba wenyewe usomwe na yeyote anayetaka. Hadi leo mwananchi wa kawaida hawezi kujua shirika la umma limepata sehemu gani katika jengo fulani la ubia, na siri hiyo ndiyo inayozaa uvumi wa rushwa hata pale ambapo haipo.

Na wapangaji? Kule Nairobi, mradi wa Pangani wa kaunti na kampuni binafsi ulihusu familia 48 tu zilizokuwa kwenye nyumba kongwe za kaunti, na hata hizo 48 ziligoma kuondoka mpaka wapate uhakika wa kurudi. Zilikuwa na haki kugoma. Ahadi ya mdomo iliyotolewa na ofisa ambaye mwakani atahamishiwa mkoa mwingine haimfai bibi anayefunga mizigo yake.

Kabla tingatinga halijaingia kwenye kota nyingine yoyote, kila kaya iwe na karatasi mkononi yenye namba ya nyumba itakayorudia, kodi au bei yake, tarehe ya mwisho ya ujenzi, na fedha itakazolipwa kwa kila mwezi wa ucheleweshaji. Fedha hizo ziwekwe benki na mbia siku ya kusaini. Mwekezaji asiyeweza kuziweka hana fedha za kujenga pia, na ni heri tukalijua hilo wakati watu bado wako ndani ya nyumba zao.