Ukurasa wa Kwanza wa OB

Februari 2008, wakati wa ghasia za kikabila zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 hapa Kenya, nilimsindikiza jirani yangu kituo cha polisi. Nimwite Mama Achieng, ingawa silo jina lake. Nyumba yake ya mbao na mabati, mtaani kwetu Nakuru, ilikuwa imechomwa wiki mbili kabla, pamoja na cherehani mbili alizokuwa akishonea sare za shule. Mama Achieng alimjua aliyemwaga petroli. Mtaa mzima ulimjua. Suruali aliyovaa siku hiyo alikuwa ameshonewa na mama huyo huyo. Polisi wa zamu alimsikiliza, akafungua kitabu cha matukio, kile tunachokiita OB, akaandika mstari mmoja: amepotelewa na mali. Amepotelewa, kana kwamba cherehani zilisahaulika kwenye matatu. Nilipomwomba arekebishe, aliniuliza mimi ni wakili wa nani.

Sikuwa wakili wa mtu. Nilikuwa karani katika duka la pembejeo, tena Mkikuyu, yeye Mluo, na waliomchomea mama wa watu walikuwa vijana wetu. Nilinyamaza, tukachukua namba ya OB, tukatoka.

Ukitaja msaada wa kisheria kwa waathiriwa wa ghasia za kikabila, watu huwaza wakili aliyesimama mahakamani na rundo la mafaili. Baada ya miaka kadhaa ya kujitolea kama msaidizi wa kisheria, mimi nawaza ile meza ya polisi wa zamu. Kesi nyingi za namna hii hufia pale, na sisi hufika na mawakili wetu wazuri wakati wa matanga.

Kiambaa, karibu na Eldoret, kila Mkikuyu wa Bonde la Ufa anaijua. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa walimokimbilia watu lilitiwa moto, wakafa makumi, wengi wao wanawake na watoto. Watu wanne walishtakiwa kwa mauaji. Tarehe 30 Aprili 2009 Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu, aliwaachilia huru wote wanne katika Mahakama Kuu ya Nakuru, na katika hukumu hiyo akaulaumu uchunguzi wa polisi kuwa wa ovyo. Nyumbani tulimlaani jaji. Mimi nilimlaani kwa sauti. Ilinichukua muda kukubali kwamba jaji hawezi kumfunga mtu kwa sababu tu kanisa limeungua. Anataka shahidi aliyeandikisha taarifa mapema na kutaja nani alifanya nini, na gwaride la utambulisho, pale shahidi anapomtambua mshukiwa kati ya watu wengine, lililofanywa sawasawa.

Kuna jingine tusilopenda kulisema. Mwishoni mwa Januari hiyo hiyo, mtaa wa Kabati, Naivasha, watu 19 walichomewa ndani ya nyumba kwa kosa la kuwa Waluo. Kanisani kwetu tulichanga kwa ajili ya Kiambaa, tena zaidi ya mara moja. Naivasha haikutajwa hata kwenye maombi.

Ndiyo maana neno "wachache" linanipa taabu. Katiba yetu, Ibara ya 56, inaitaka serikali iweke mipango kwa ajili ya walio wachache na makundi yaliyotengwa, na tukilisoma hilo tunazifikiria jamii ndogo kama Waogiek, Wasengwer, Wanubi. Ni haki yao. Lakini Mkikuyu wa Kiambaa na Mluo wa Kabati, ambao kwenye sensa ni wa makabila makubwa, siku zile walikuwa wachache kuliko Mnubi yeyote. Chifu si wa kwao, mwenye nyumba si wa kwao, na polisi wa kwao, kama yupo, naye anaogopa. Wakili wa mjini ana wateja wa kabila la wengi na anataka waendelee kuja. Uchache wa aina hii hauna ofisi inayoushughulikia, kwa sababu kitaifa hauonekani.

Hesabu ya kile kilichofuata inajulikana. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu waliokufa 1,133, na kati yao 405 waliuawa kwa risasi. Mwaka 2014 tuliambiwa na ofisi ya mashtaka ya umma kwamba maelfu ya mafaili yaliyopitiwa hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Kule The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), kesi ya mwisho dhidi ya waliotuhumiwa kuchochea ghasia ilisitishwa Aprili 2016, na majaji wakazungumzia mashahidi walioingiliwa. Kuhusu The Hague sina mengi. Tulibishana vya kutosha kwenye baa na misikitini na makanisani.

Kesi ninayotaka isomwe ni nyingine. Februari 2013 watu wanane walionusurika ubakaji na ukatili wa kingono wakati wa ghasia zile, wanawake sita na wanaume wawili, waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu, Nairobi, pamoja na mashirika ya haki yaliyowashika mkono, miongoni mwao COVAW, linalopinga ukatili dhidi ya wanawake, na ICJ ya Kenya, la wanasheria. Tarehe 10 Desemba 2020, takriban miaka minane baadaye, wanne walishinda, kila mmoja akaamuliwa alipwe shilingi milioni 4. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama yetu kusema kwamba serikali inawajibika kwa ukatili wa kingono wa kipindi kile, na sisemi neno la kupunguza ushindi huo. Ila wanne wengine walitoka mikono mitupu. Waliowadhulumu hawakuwa askari wa serikali, na wao wenyewe hawakuwa wameripoti polisi, kwa hiyo polisi hawangeweza kulaumiwa kwa kutochunguza.

Hawakuripoti! Januari 2008, barabara zimezibwa kwa mawe na magogo, baadhi ya watesaji wa mwezi huo wakiwa ndani ya sare za polisi, mtu aende kaunta aseme amebakwa. Sheria inaona pengo kwenye OB na kulisoma kama uzembe wa aliyeumizwa. Mtu mmoja tu mwenye mafunzo, katika kambi ya waliofurushwa makwao, siku zile, akiandika taarifa yenye tarehe na kuhakikisha fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, imejazwa, angeweza kubadilisha hesabu ya wanne kwa wanne.

Wahindi wana mfano unaonifanya nisikate tamaa. Machi 2002, wakati wa mauaji ya Waislamu katika jimbo la Gujarat, Bilkis Bano, msichana wa miaka 21 mwenye mimba, alibakwa na genge na akaona watu wake 14 wakiuawa, pamoja na bintiye mdogo. Alikwenda polisi. Polisi wakaandika taarifa isiyo na neno ubakaji wala majina aliyoyataja, kisha faili likafungwa. Tume ya haki za binadamu ya India ilimsaidia kufika Mahakama ya Juu, uchunguzi ukatolewa mikononi mwa polisi wa jimbo, na mwaka 2004 kesi ikahamishwa hadi Mumbai, mbali na wenyeji waliokuwa wakiwatisha mashahidi. Mwaka 2008 wanaume 11 walifungwa maisha. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Bombay, mumo humo Mumbai, ikawatia hatiani pia polisi na madaktari waliovuruga ushahidi. Hapo ndipo niliposimama nikasoma mara mbili: walioandika ukurasa wa kwanza vibaya walifikiwa, baada ya miaka 15. Mwaka 2022 wale 11 waliachiliwa wakapokelewa kwa mashada ya maua, na Januari 2024 Mahakama ya Juu ikawarudisha gerezani. Kesi kama hii inataka watu watakaoendelea kuwepo kwa zaidi ya miaka 20, na ufadhili wa mradi kwa kawaida huisha baada ya miaka miwili au mitatu.

Kwetu sheria si mbaya. Tuna Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014, tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, na katika shauri la Waswa la 2020 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi kupitia wakili wake, asingoje siku ya kutoa hukumu ya adhabu tu. Kinachokosekana ni vitu vidogo. Nauli, kwa mfano. Nimeona shahidi akikosa kikao kwa sababu ya shilingi 600 za matatu, kesi ikaahirishwa, kisha ikaahirishwa tena, mpaka akachoka akahamia kwa dada yake. Mwezi huo huo shirika fulani lilituita hotelini kwa siku tatu kujadili upatikanaji wa haki, tukapewa begi, kalamu na chakula cha mchana chenye samaki na kuku kwa pamoja.

Ningekuwa na sauti, fedha ile ingewaweka wasaidizi wa kisheria wawili wawili katika kila mji wenye historia ya fujo, mmoja wa kabila la wengi wa pale na mwingine wa walio wachache, waende kituoni pamoja. Yule wa kwanza nimemweka makusudi. Mwaka 2008 polisi aliponiuliza mimi ni wakili wa nani, nadhani kilichomsumbua kilikuwa kuona mtu wa upande wetu amesimama na Mama Achieng. Ningeng'ang'ana kidogo, pengine angeandika neno "kuchomwa." Sikung'ang'ana, na hilo ni langu.

Mama Achieng sasa anaishi Ahero. Wiki moja kabla ya uchaguzi wa 2022 alinipigia simu: "Mwanangu, ile karatasi inafifia." Niliposhuka kwake aliifungua kutoka pindo la leso, karatasi niliyomnakilia namba ya OB siku ile, wino wa buluu umekuwa kijivu. Akaniomba niipige picha kwa simu. Nikapiga mbele na nyuma, ingawa nyuma hamna kitu, kisha akaniambia niipige tena, kwenye mwanga.