Shangazi, kiatu na pampu ya petroli

Watu wakiona hii MGB yangu, gari ndogo ya spoti, ikipita Ngong Road paa imefunguliwa wananiita sonko, kumbe pesa iliisha kitambo, yote iko ndani ya hiyo gari. Ni ya 1967, imeundwa Abingdon kule Uingereza, mimi niliitoa nyuma ya nyumba ya mzee mmoja Karen kuku wakitaga kwa siti ya dereva. Nilianza kuitengeneza nikiwa bado na nywele.

Mabati tulifanyia Kariobangi, na hapo Mungu alinisaidia nikapata fundi anayejua hiyo gari haina chesisi, kinachoishikilia ni vile vyuma vya chini ya milango, ukivikata bila kuweka nguzo gari inajikunja katikati na mlango haufungi tena mpaka Yesu arudi. Shida ilikuwa Grogon, kule kwa mafundi wa gari. Nati zake ni za inchi, sasa fundi anashika spana ya 13 anaiweka kwa nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, anakwambia "mzee, itashika tu," na kweli inashika, inashika ikiteleza mpaka kona zote zinaisha nati inabaki mviringo kama peremende. Nikanunua spana zangu nikazifungia kwa kabati na funguo nalala nayo.

Basi binamu yangu akapata mchumba, na mchumba alipoiona hiyo gari akasema harusi ni hiyo, mambo ya van hataki kusikia.

Sasa elewa kitu kimoja. Pampu ya petroli ya hii gari ni ya umeme, imefungwa chini, karibu na gurudumu la nyuma la kulia. Ukiwasha swichi inalia tik tik tik. Ndani kuna vidude viwili vinagusana na kuachana, umri ukienda vinaungua, umeme haupiti, pampu inanyamaza. Dawa inajulikana dunia nzima: unaigonga. Vikitikisika vinagusana tena mnaenda. Waliounda siwalaumu, hata mtu wa umri huo anahitaji kuamshwa. Ndio maana kwa buti kulikuwa na nyundo ya shaba, ya kukazia rimu za spoku, na ya kubembeleza pampu. Kamati ya harusi ilipokuja kupamba ikaona nyundo, ikaona uchafu, ikaitoa ikajaza maua. Hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi tukatoka South B vizuri, bibi arusi anapungia watu wa matatu mkono, vuvuzela nyuma, tukishika Uhuru Highway kufika raundabauti ya Haile Selassie gari ikakohoa. Mafuta yaliyobaki kwa kabureta yakatuvuta kidogo, halafu kimya. Katikati ya barabara, chini ya Expressway, na gauni limejaa gari yote mpaka gia siioni.

Nairobi ukifungua boneti tu kila mtu ni fundi. Kijana wa kuuza maji akasema ni plagi. Makanga akasema hapana, hiyo ni timing, tena akasema na uchungu. Karau akaja na sura ya kazi kabisa, akaizunguka gari, mimi naanza kutafuta leseni, kumbe anataka kupigwa picha na bibi arusi. Mimi na suti yangu niko magotini natafuta jiwe, na lami ya pale hata changarawe haina.

Hapo ndio shangazi ya bibi arusi akashuka kwa van. Mama wa kitenge na kilemba, sauti yake haihitaji spika.

"Baba, gari ina nini?"

"Shangazi, inataka kugongwa."

"Na wewe unaogopa?"

Akavua kiatu. Nikamwonyesha bati la nyuma ya siti yangu, pampu iko upande wa pili wa hilo bati. Akalipiga kisigino kimoja tu, pah! Tik tik tik tik. Makanga akapiga kelele ungedhani Gor Mahia wamefunga.

University Way ikanyamaza tena. Shangazi kuja, pah, tukaenda. Kabla ya Museum Hill, tena. Akasema hii mambo ya kupanda na kushuka kwa van hataki. Gari ina siti mbili, lakini nyuma kuna kinafasi cha mabegi, akapanda akakalia paa iliyokunjwa, magoti yake mgongoni mwangu, kiatu mkononi, kichwa chake juu kuliko kila mtu, watu Waiyaki Way wanamsalimia wakidhani ni mheshimiwa anaomba kura. Na yeye akawa anawasalimia! Akiskia tik tik imeanza kulegea anainama, pah, anaendelea kupunga.

Tukaingia kanisani hivyo hivyo. Kwaya ilikuwa inatusubiri kwa geti, ikaskia pah, pah, ikadhani mama ameleta mdundo, ikaudaka ikaanza kuimba juu yake, sasa hata mimi nikazima injini Shangazi bado anagonga.

Wiki iliyofuata familia moja ya Rongai wakanipigia, waliona picha, wanataka kukodi gari pamoja na yule mama wa kiatu. Nikamfikishia ujumbe. Anataka nusu ya pesa, na viatu vipya, na ameuliza kama hiyo siti ya mbele ya abiria lazima ikae bibi arusi.